Data za bahari za CMIP6: zinamfaa nani anayefuatilia mvua za Dodoma?

Data hizi, zitokanazo na mradi wa kimataifa wa kulinganisha modeli za tabianchi, hupatikana bure kupitia seva za ESGF, mtandao wa kuhifadhi data hizo, na zina karibu kila unachohitaji kuhusu mizunguko mikubwa ya bahari. Kasoro kubwa huanzia kwa mtumiaji anayechukua faili lisilojibu swali lake.

Wengi hukimbilia tos, yaani joto la juu ya bahari, wakakokotoa Dipoli ya Bahari ya Hindi (tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki mwa bahari hiyo) na kuilinganisha na mvua. Kwa pwani na kaskazini, wenye vuli, hilo lina mantiki. Dodoma ina msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima ni milimita 550 hadi 600 hivi. Dipoli hukomaa Septemba hadi Novemba kisha hufifia, wakati mkulima wa mtama wa Kongwa au Mpwapwa ndiyo kwanza anaanza kupanda. Joto la juu linaposahau, maji ya chini bado yanakumbuka. Baada ya El Niño, mawimbi ya Rossby, mawimbi makubwa ya polepole ndani ya bahari, husafiri kwa miezi kadhaa kuelekea magharibi, karibu na latitudo 8 hadi 12 kusini. Yakifika kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hulishusha tabaka la mpito wa joto (mpaka kati ya maji ya juu yenye joto na ya chini yenye baridi), na maji ya juu hubaki na joto katikati ya msimu wetu. Kwa hiyo pakua thetao, yaani joto la maji kwa kila kina, utafute kina cha nyuzi 20 za Selsiasi, kinachoonyesha tabaka hilo lilipo.

Jiandae kwa ukubwa wake. Gridi ya 360 kwa 330 yenye matabaka 75 hutoa takriban MB 36 kwa mwezi kabla ya kubanwa. Jaribio la historical, linaloiga miaka ya 1850 hadi 2014, lina miezi 1,980, kwa hiyo ni GB 70 kwa modeli moja, wakati tos haifiki GB 1. Kwa bando la simu usijaribu. Tumia nakala za Zarr (muundo unaokuruhusu kusoma sehemu tu ya data) zilizoko kwenye wingu la Google, usome mita 300 za juu na eneo lako tu.

Kwa nguvu ya mzunguko wenyewe, chukua msftbarot, kipimo cha usafirishaji wa maji kwa kina chote cha bahari. Iko kwa kilo kwa sekunde; igawanye kwa bilioni 1.025 upate Sverdrup, yaani mita za ujazo milioni moja kwa sekunde. Kila modeli huchagua mahali pake pa kuanzia sifuri, basi linganisha tofauti kati ya sehemu mbili, usilinganishe namba moja moja. Ukitumia uo, yaani kasi ya mkondo upande wa x, kwenye gridi asilia ya modeli (gn), kumbuka kwamba x si lazima iwe mashariki. Kusini mwa ikweta gridi nyingi hufuata latitudo, kosa halionekani. Ukihamia Atlantiki Kaskazini bila kuzungusha vekta, ramani nzima inaharibika.

Udhaifu wa kweli wa modeli uko kwenye ukingo wa magharibi wa bahari. Gridi ya digrii 1 ni kama kilomita 110, na mkondo wa Agulhas una upana wa kiasi hichohicho. Mkondo unatoka mpana na mlegevu, na mizunguko midogo ya maji (eddies) ya Mlango wa Msumbiji haipo kabisa. HighResMIP, kundi la majaribio ya gridi ndogo, kwa robo digrii, ina nafuu kubwa. Tena, modeli nyingi zina pepo za mashariki kali mno kwenye ikweta, tabaka la mpito linainuka upande wa Sumatra, na Dipoli inapindukia ukubwa wake halisi. Kasoro hiyo ilikuwepo CMIP5, toleo lililotangulia, nayo haijaondoka.

Kosa linalotuuma zaidi kuliona kwenye kazi za wanafunzi ni kulinganisha mwaka 1997 wa historical na mvua kubwa za 1997/98. Modeli hiyo inajiendesha yenyewe. El Niño zake huja kwa miaka yake. Ukitaka miaka ioane, chukua OMIP2, jaribio la bahari peke yake, ambayo husukumwa na pepo za JRA55-do, zilizokadiriwa kutokana na vipimo vya 1958 hadi 2018, mara sita mfululizo. Tumia mzunguko wa sita. Lakini humo bahari haiwezi kuubadili upepo, kwa hiyo mrejesho wa bahari kwa angahewa umekatwa. Ukiiweka OMIP2 kando ya piControl, jaribio la hali ya kabla ya viwanda, ya modeli ileile, tofauti ya kiasi cha mtikisiko ndiyo inakuonyesha mrejesho unachangia nini, na pia kasoro za upepo wa modeli, kwa hiyo pima upepo kwanza.

Tunaipa OMIP2 pamoja na piControl nyota 4 kati ya 5. Historical peke yake, kwa swali la Dodoma, nyota 2.

Kabla ya kuunganisha faili, angalia kalenda: modeli ya UKESM1 ina mwaka wa siku 360, ya CESM2 haina mwaka mrefu wa siku 366. Na kwenye piControl ondoa mwelekeo wa polepole wa kina kirefu kwanza, la sivyo utauita mtikisiko wa asili.