Baiskeli za kukodi Moshi mjini: mimi na wifi yangu tulivyoziona

Elfu ishirini kwa kichwa. Humo kuna baiskeli, kofia ngumu, kijana wa kuwaongoza, chupa moja ya maji, na mwishoni kahawa na kitafunwa. Natanguliza bei kwa sababu kila niliyemsimulia hapa Moshi aliuliza hiyo kwanza, kisha akaongeza, "Kwani hizo si za Wazungu?" Si za Wazungu. Mgeni ana bei yake na mwenyeji ana yake, ila piga simu mapema na uongee Kiswahili chako, la sivyo utatajiwa ya dola.

Tulienda Jumapili, mwishoni mwa Oktoba, saa moja asubuhi. Saa hiyo nawasihi msiichezee. Watu wako ibada ya kwanza, bodaboda ni za kuhesabu, haisi hazijachangamka, na mlima uko wazi wote, Kibo na Mawenzi. Ikikaribia saa nne Kibo anajifunika wingu lake, makanisa yanamwaga watu barabarani, na ukiwa juu ya baiskeli hapo utajua hujui.

Kilichonifanya niwape maksi jamaa hawa ni njia waliyoichagua. Mji wetu umelala kwenye mteremko. Kwenye bajaji huuoni, lakini kutoka Mnara wa Saa hadi hospitali ya KCMC ni kupanda tu, na mapaja hayadanganyiki. Wao wanakupandisha kwanza, miguu ikiwa mipya na jua likiwa halijakomaa, halafu saa mbili zilizobaki ni kushuka na kujiachia. Anayekupeleka chini kwanza, Pasua huko, kisha akurudishe juu saa tano, huyo hakutakii mema.

Kabla ya kuondoka, kijana alikagua breki zote mbele yetu, akatikisa magurudumu, akabinya matairi. Kisha akamwangalia wifi, suruali yake pana na cheni isiyo na kifuniko. Hakusema kitu. Alitoa mfukoni ukanda wa tyubu kuukuu, akachuchumaa, akamfunga pindo la mguu wa kulia. "Tayari dada, sasa cheni haikuli." Nimelipia huduma nyingi za gharama ambazo hakuna mtu aliyeniangalia namna ile.

Tukavuka barabara kuu pale kiplefti cha YMCA, tukaingia Shanty Town. Mijakaranda ilikuwa imechanua na lami yote ni zambarau. Uzuri huo una hila yake: kulikuwa na manyunyu usiku, na maua yaliyolowa yanateleza. Kijana alituonya tusikamate breki ya mbele peke yake tukiwa juu ya maua hayo. Mwendo ulikuwa wa pole kabisa. Hakuna aliyetuhimiza, na kwenye kilima kikali alishuka yeye kwanza akasukuma ya kwake, nasi tukapata ruhusa ya kushuka bila aibu. Bodaboda wawili walitupigia kelele, "Mama, mafuta yamepanda hadi huku?" Wifi akawajibu kwa kengele.

Tulipokuwa tunateremka tulipishana na mzee anapanda, baiskeli imefunikwa na mzigo wa majani ya ng'ombe hadi usukani hauonekani. Anaisukuma, hajaikalia. Ng'ombe wa kihambani, yaani wa shamba la nyumbani, hajui Jumapili. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia bila kupunguza hatua, akaziangalia baiskeli zetu na gia zake zote, akacheka.

Kituo cha mwisho kilikuwa stesheni. Kijana alieleza kwamba reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga ndiyo iliyouvuta mji huu kushuka chini, ndiyo maana kule juu pamebaki kuitwa Old Moshi. Wifi amezaliwa hukohuko Old Moshi na alikuwa hajawahi kujiuliza. Treni ya abiria ya Dar ilirudi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20 ya kutokuwepo, lakini asubuhi ile palikuwa kimya.

Sasa malalamiko. Tandiko ni gumu. Nilikaa upande siku nzima iliyofuata. Gia ya baiskeli yangu ilikuwa inaruka kila nikibadilisha kwenye mwinuko. Pia walitaka kubaki na kitambulisho changu cha NIDA kama dhamana. Nilikataa, nikawapa kopi, wakakubali bila ubishi. Nenda na kopi yako.

Halafu mambo ya mdomo. Keki ya ndizi ilikuja ya moto, juu imekauka kidogo na ndani inanata, na nilimaliza yangu nikamsaidia wifi ya kwake. Kahawa ilikuwa nzito na safi. Ila wifi aliomba chai, na chai hawakuwa nayo! Yaani sisi Wachaga kahawa tunailima, chama chetu cha ushirika, KNCU, kipo tangu 1933, mnada wa kahawa uko hapahapa Moshi, na nyumbani tunakunywa chai ya maziwa. Mtu anayetaka wateja wenyeji anasahauje birika? Juisi nayo ilikuwa ya pakti, msimu ambao maparachichi na mapasheni yanapangwa hadi kando ya barabara. Dada wa kaunta alisema blenda imeharibika. Sawa, lakini chungwa halihitaji blenda.

Nilipouliza, wakasema unaweza kulipia bila kitafunwa, elfu kumi na tano. Mimi nikirudi nitafanya hivyo, na ile elfu tano nitaipeleka kwenye bakuli la mtori mgahawani, maana baada ya kilima kile keki ni utangulizi tu. Malipo wanapokea kwa simu. Ukienda na mtoto waambie siku moja kabla, baiskeli ndogo wanayo moja tu.