Sponji au sumaku: kubeba sanamu za mchezo wa mezani kwa bei nafuu

Sanamu zangu ni askari wadogo waliopakwa rangi, wa kuchezea vita mezani. Kuzibeba nilianza na sponji: boksi la plastiki la fundi, ndani kipande cha sponji ya godoro nilichokichonga mashimo kwa wembe. Rahisi, na sanamu nzito za chuma hutulia humo hata daladala ya Nkuhungu ikirukaruka. Ila mikuki! Kila ukimtoa askari ncha inanasa, na rangi ya mabegani inasuguka hadi weupe unachungulia.

Sumaku ni habari nyingine. Unagundisha kisumaku chini ya kitako cha kila sanamu, unalaza bati ndani ya kontena la chakula, basi. Zinasimama wima bila kugusana. Bati lijaribu kwa sumaku dukani kabla hujalipa, maana la alumini halishiki (mimi nilirudi nalo nyumbani, nikachekwa). Gharama nayo hupanda jeshi likikua, kwani kila askari anataka sumaku yake.

Mimi za plastiki zenye panga na mabawa nimezihamishia kwenye sumaku. Za chuma zimebaki kwenye sponji. Kwa uzito ule, kwenye sumaku mtikisiko mmoja zinang'oka. Na kifuniko kibane kweli: vumbi la Dodoma la mwezi wa nane halibishi hodi.