Klampu mita kwenye kihoteli changu Kondele: uzoefu wangu

Nina kihoteli cha chai na chapati hapa Kondele, Kisumu, na ukitoa bei ya unga, hakuna kinachoninyima usingizi kama tokeni za stima. Ndiyo maana nikanunua klampu mita, ile mita yenye taya za kubana waya. Ilinigharimu shilingi 2,200 mjini. Nimeitumia kiasi cha kutosha kusema kwamba kila mwenye biashara inayotegemea stima anaihitaji, ingawa ina mahali inapokwama.

Mita hii inapima volti kwa zile nyaya mbili zenye ncha, nyekundu na nyeusi, na ampea, yaani ukubwa wa mkondo wa stima unaopita, kwa kubana waya. Wati, yaani nguvu ambayo kifaa kinatumia, haionyeshi. Hilo halinisumbui, maana ukiwa na volti na ampea umemaliza kazi: zidisha, utapata wati, gawanya volti kwa ampea, utapata omu, yaani ukinzani wa kifaa. Ukinzani huo unafuata kanuni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827, na kwa birika, pasi na koili ya kupikia hesabu zake zinakubali vizuri sana.

Karatasi ya maelezo inalipita haraka jambo moja muhimu. Ukibana kebo nzima ya kifaa, mita inasoma sufuri, kwa sababu mkondo unaoenda na unaorudi hufutana ndani ya taya. Ni lazima ubane waya mmoja. Fundi alinitengenezea kebo fupi ya kurefusha iliyopasuliwa ganda la nje kwa urefu wa shubiri moja, nyaya tatu za ndani zikaonekana, kila mmoja ukiwa na plastiki yake nzima. Mimi hubana ule wa kahawia. Kazi hiyo mpe fundi, na ukiona plastiki ya ndani imekwaruzika hata kidogo, kebo hiyo usiichomeke.

Sasa birika. Limeandikwa wati 2,200 kwa volti 240, lakini asubuhi wateja wakijaa lilikuwa linachelewa kuchemsha. Nilipima likiwa linafanya kazi: volti 221 mwisho wa kebo ya kurefusha, ampea 8.4. Zidisha, ni wati 1,856. Gawanya, ni omu 26.3. Birika la wati 2,200 kwa volti 240 linatakiwa kuwa na omu 26 na kitu, kwa hiyo birika lilikuwa zima. Nikapima soketi ya ukutani birika likiendelea kuchemka: volti 234. Volti 13 zilikuwa zinapotelea ndani ya kebo ile ya zamani! Mara ampea 8.4, hizo ni wati 109 za joto kwenye waya mwembamba na plagi iliyolegea, na nilikuwa nazilipia kila siku. Niliposhika plagi ilikuwa moto kabisa. Moto wa nyumba huanzia mahali kama hapo, na ukitazama kwa macho huoni kitu.

Nikanunua kebo ya nyaya nene zaidi, za milimita za mraba 2.5. Volti kwenye birika zikapanda hadi 232, ampea 8.8, wati 2,042. Birika ni lile lile, chai inawahi.

Jirani yangu mwenye saluni naye alileta draya yake mpya ya nywele, iliyoandikwa wati 2,000. Ingekuwa kweli, kwa volti 240 ingevuta ampea zaidi ya 8. Ilivuta 5.1 kwa volti 232, yaani wati 1,183 tu. Hata ungeirudishia volti zote 240, haifiki 1,300. Alisikitika, na mimi nilikasirika kwa niaba yake, kwa sababu alilipa bei ya draya ya 2,000. Tangu siku hiyo sinunui kifaa cha joto kwa kuamini kibandiko.

Mita inapokwama ni kwenye friji. Nilizidisha volti 230 kwa ampea 1.1 nikapata 253, na friji imeandikwa wati 150. Hapo kibandiko hakijadanganya. Kwenye mota, volti na mkondo havifiki kilele kwa pamoja, kwa hiyo jibu la kuzidisha ni kubwa kuliko wati halisi, na tokeni huliwa kwa wati halisi. Kwa friji, feni na pampu ya maji, tafuta mita ya kuchomeka kwenye soketi inayoonyesha wati yenyewe.

Pia ukitaka mita ikupimie omu moja kwa moja bila kugawanya, usipime kifaa kikiwa kwenye stima, kichomoe kwanza. Na balbu za zamani za waya zisikuchanganye: ya wati 60 ikiwa baridi inasoma kama omu 70, lakini ikiwaka inafika 960, kwa sababu waya ukipata moto ukinzani wake hupanda.

Kwa vitu vidogo kama chaja ya simu, yangu inasoma sufuri. Dawa yake ni kuuzungusha ule waya mmoja mara kumi kwenye taya, halafu kugawanya jibu kwa kumi. Wenye sola wawe makini dukani: hii yangu inabana stima ya nyumbani tu, mkondo wa betri na paneli haiusomi, kwa hiyo waulize kama mita inapima mkondo wa DC, yaani huo wa betri na paneli, kwa taya kabla ya kutoa pesa. Na angalia maandishi ya CAT III 600V ubavuni, yaani alama ya kiwango cha usalama wa mita kwenye stima ya nyumba. Isiyo nayo, iache hapo hapo kaunta.