Unga wa uwele wa Dodoma: je, uchukue nafasi ya sembe jikoni?

Kwa aliye na haraka ya kwenda sokoni, jibu ni ndiyo. Uwele uliosagwa bila kukobolewa, wa wiki hii hii, ndio unga bora unaoweza kununua Dodoma kwa nyumba yenye kisukari au presha kwenye ukoo. Mtama mweupe unaufuata kwa karibu. Dona inashika nafasi ya tatu, si kwa ubaya wake bali kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya fangasi nitakayoieleza mbele. Sembe ipo mwisho. Ila jambo moja lisemwe mapema kabla mtu hajabeba debe zima: uwele si dawa, na ukubwa wa ugali kwenye sahani una nguvu kuliko jina la unga.

Tuanze na punje yenyewe. Nje kuna ganda, ambalo ndilo pumba; ndani kuna kiini, sehemu inayoota; katikati kuna wanga mweupe. Mashine ya kukoboa huvua ganda na kung'oa kiini, kinachobaki kikisagwa ndiyo sembe. Pumba likienda, linaondoka na nyuzinyuzi nyingi, vitamini za kundi B, madini ya chuma, zinki na magnesi. Ugali unakuwa mweupe na laini, unameng'enywa upesi, sukari inapanda kwa kasi na njaa inarudi mapema. Uwele nao hukobolewa au kutwangwa na kupepetwa ili unga usiwe wa kijivu, kwa hiyo neno "uwele" peke yake halitoshi. Ukifika mashine sema wazi: "Usikoboe, saga hivyo hivyo."

Gramu 100 za unga wa uwele usiokobolewa zina protini kama gramu 11 na mafuta kama gramu 5. Sembe haifiki hapo kwa lolote kati ya hayo. Lakini tazama wanga: kwa kila gramu 100, uwele unapita gramu 60, na sembe inapita 75. Pengo lipo, ila si la kumpa mtu ruhusa ya kujaza sahani. Anayekula ugali wa gramu 200 za unga wa uwele ameingiza zaidi ya gramu 120 za wanga. Jirani yake aliyekula sembe ya gramu 120 ameingiza kama 90. Hapo aliyekula sembe ndiye aliyejitendea haki. Kikombe cha robo lita cha unga kina takribani gramu 130 hadi 150. Kipime mara moja kwenye mizani ya dukani, ukishajua uzito wake unaweza kugawa kwa idadi ya walaji bila kubahatisha. Kwa mtu mzima asiyefanya kazi ya jembe wala zege, nusu kikombe kwa mlo inatosha, mboga ikichukua nusu ya sahani na maharage, kunde, dagaa au nyama vikichukua robo.

Wengi huuliza: kama baba na mama wote wana kisukari, unga utabadilisha nini? Utabadilisha mengi. Ni kweli kwamba kisukari aina ya pili hutembea kwenye koo, na mwenye wazazi wawili wagonjwa ana hatari kubwa kuliko mwenye mmoja. Lakini mtoto harithi vinasaba tu. Anarithi pia sufuria la nyumbani, vijiko vya sukari kwenye chai ya asubuhi, na mazoea ya kula saa nne usiku kisha kulala. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa waligawanywa kwa kura. Waliosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama ya kutembea haraka dakika 150 kwa wiki walipunguza kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metfomini walipunguza kwa asilimia 31. Baadaye vinasaba vyao vilichunguzwa, na hata waliobeba vinasaba vya hatari walinufaika na mabadiliko hayo ya maisha. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5.

Lipo na la upande wa pili, kwa sababu wauzaji wengine huchanganya mambo. Selimundu ni ya kurithi moja kwa moja: wazazi wawili, kila mmoja akiwa amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, wana uwezekano wa asilimia 25, kwa kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa. Hakuna unga unaoigusa hesabu hiyo. Pakiti inayodai "inaongeza damu" isimpeleke mgonjwa wa selimundu kuacha dawa za kliniki, na kama huongezewa damu mara kwa mara, madini ya chuma ya ziada yanaweza kumlimbikizia madhara.

Sasa ununuzi, ambako ndiko uwele unakopoteza alama.

Kero ya kwanza ni mchanga. Uwele mwingi hupigwa chini, kwenye uwanja wa udongo, na punje ni ndogo kiasi kwamba ungo hauondoi kila kitu. Sokoni, iwe Majengo, Sabasaba au Job Ndugai, chukua punje kiganjani, zisugue, kisha zimwage: kiganja kikibaki na vumbi jekundu, sado hiyo ina kazi. Tafuna punje tatu nne kwa meno ya mbele, mchanga utausikia. Nyumbani pepeta kwanza, halafu mimina nafaka kwenye karai la maji, zungusha kwa mkono, uihamishie karai la pili kidogo kidogo bila kuinua kilichotuama chini. Rudia mpaka chini pasibaki kitu. Mapepe yanayoelea tupa. Anika kwenye turubai au mkeka, si chini, kwa jua kali la siku nzima au mbili, mpaka punje ikitafunwa ilie "ka". Ikisagwa na unyevu, unga utajishika madonge na kuota ukungu ndani ya siku chache.

Kero ya pili ni uchungu, na hapa ndipo watu huususa uwele bila kosa lake. Yale mafuta ya gramu 5 yanakaa kwenye kiini. Punje ikiwa nzima yametulia. Ikisagwa, vimeng'enya vya punje yenyewe huanza kuyavunja, na kwa joto la Dodoma unga huchachuka ndani ya wiki mbili hivi. Hunuka kama mafuta ya zamani na kuacha uchungu kooni. Unga wa uwele uliokaa rafuni miezi mitatu ukiwa hauna uchungu wowote, ama umekobolewa ama umepashwa joto kwanza. Kwa hiyo nunua punje, saga ya siku 10, punje nyingine ziache kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Mwenye friji aweke unga humo kwenye kopo lililofungwa.

Kabla hujamimina uwele wako mashine, tazama nani amesaga kabla yako. Mashine hubaki na unga ndani. Ukitanguliwa na mahindi yaliyooza, kilo yako ya kwanza ni ya kwake. Omba wasage konzi mbili za nafaka yako kwanza, hizo zitenge kwa kuku… hapana, hata kuku wasipewe kama aliyetangulia alikuwa na mahindi mabovu. Zitupe.

Hapo tumefika kwenye sumukuvu. Ni sumu ya fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga vilivyopata ukame shambani kisha vikahifadhiwa na unyevu, na kanda ya kati inayo mazingira hayo. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata mlipuko uliotokana na mahindi: watu 68 waliugua, 20 walifariki. Hiyo ni sumu nyingi kwa mara moja. Ile ya kidogo kidogo kwa miaka haionekani, na ndiyo inayoleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kuchemsha hakuiondoi, wala kuukaanga unga. Uwele na mtama hushambuliwa kidogo kuliko mahindi, na hilo ndilo lililoipa dona nafasi ya tatu: sumu nyingi ya mahindi hukaa kwenye ganda na kiini, vitu vile vile ambavyo dona inasifiwa kwa kuvibakiza. Mahindi yakiwa safi, dona inaishinda sembe mbali. Yakiwa ya mashaka, hata kuyakoboa ni kupunguza tu, si kuokoa. Chambua kwa mkono kabla ya kusaga, toa kila punje iliyovunjika, iliyobadilika rangi au yenye ukungu wa kijani au njano. Kuchambua kwa makini kunaondoa sehemu kubwa ya sumu, maana hukusanyika kwenye punje chache zilizoharibika. Na mtu mzima aende kupima homa ya ini B; asiye nayo anaweza kuchanjwa.

Kwa hoja hiyo hiyo, "unga wa lishe" wenye nafaka tano, soya na karanga ndani ya pakiti moja siupi alama. Karanga zikisagwa humo huchacha haraka, huleta hatari ya sumukuvu, na ladha ya mchanganyiko huficha kilichoharibika. Kama unataka uji wa karanga, chambua karanga, zikaange, zitwange siku ya kupika.

Mtama una swali lake la rangi. Mwekundu wenye tanini nyingi huacha ukakasi mdomoni, na tanini hiyo hushika protini na chuma visifyonzwe vizuri. Mweupe, kama wa mbegu iitwayo Macia, hauna shida hiyo, ugali wake haukwaruzi, na bei yake kwa kawaida haitishi. Mwenye kuanza safari ya kuacha sembe aanze na mtama mweupe, kisha ahamie uwele.

Kupika uwele kuna kosa moja kubwa: kuupika kama sembe. Hauvutiki, kwa hiyo ukiharakishwa tonge linavunjika mkononi. Kwa vikombe 2 vya unga weka maji vikombe 4 hadi 5. Koroga robo ya unga kwenye maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, acha uji utokote dakika 5 hadi 7 mpaka uwe mzito na kung'aa. Uji huo ndio utakaoshikisha ugali. Punguza moto, ongeza unga uliobaki kwa awamu tatu ukisonga, funika dakika 5, songa tena, ipua. Ukivunjika bado, uji haukuiva. Asiyezoea achanganye sehemu 2 za uwele na 1 ya dona kwa mwezi wa kwanza. Tumbo nalo litajaa gesi siku za mwanzo kwa nyuzinyuzi. Ongeza maji ya kunywa na usibadilishe mlo wote kwa siku moja.

Mboga ya kuandamana nao kanda hii ni mlenda, na hakuna ndoa nzuri kuliko hiyo. Ule utelezi ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Kinachouharibu ni magadi. Magadi ni chumvi ya sodiamu. Mwenye presha anayejisifu kwamba amepunguza chumvi huku akitia magadi kila jioni hajapunguza kitu, na vitamini C ya majani inakufa humo. Mlenda unapikika bila magadi ukiongeza dakika chache za moto. Chumvi yote ya siku, pamoja na ya mkate na ya dagaa, isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Iwe yenye madini joto, hasa kwa mlaji wa uwele kila siku, kwa sababu uwele una vitu vinavyoisumbua tezi ya shingo pale madini joto yanapopungua. Kunywa ubuyu na chakula husaidia chuma cha uwele kufyonzwa. Chai isubiri saa moja.

Anayetaka uhakika wa mwili wake atumie kipimo cha sukari. Pima kabla ya kula, kula ugali wa gramu zile zile kwa mboga ile ile, hesabu saa 2 tangu tonge la kwanza, pima tena. Rudia siku nyingine kwa sembe, kisha kwa mtama, kila unga mara mbili. Asiye na kisukari hutarajiwa kuwa chini ya 7.8 mmol/L baada ya saa hizo mbili. Nawa mikono kwa maji na sabuni, uikaushe, kwa sababu kidole chenye mabaki ya embe kinadanganya kipimo. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamidi asipunguze ugali kwa ghafla kabla ya kuongea na kliniki yake, dozi ikiwa ile ile na chakula kikiwa nusu, sukari hushuka: jasho jembamba, mikono kutetemeka, maneno kukwama. Akiona hivyo anywe mara moja vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15.