Nyumba ya mnada Buswelu: nimelipa yote, funguo sina

Nimelipa mpaka senti ya mwisho, risiti ninazo, na nyumba bado siingii. Anayetamani nyumba za rehani zinazopigwa mnada na benki hapa Mwanza asome hii kwanza.

Mnada wenyewe ulikwenda vizuri. Nyundo ikagonga kwangu, kwa bei ambayo kwingine hupati hata pagala. Robo ya pesa palepale, iliyobaki ndani ya siku 14. Nikauza kiwanja cha Kisesa, nikamaliza kabla ya muda.

Sasa sikilizeni. Kabla sijanyoosha mkono niliuliza mbele ya watu wote: nyumba hii ina kesi? Dalali akajibu kwenye kipaza sauti, "Safi kabisa mama, wewe panda bei tu." Safi kabisa! Kumbe mke wa mdaiwa alishafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba, anasema hakuridhia nyumba ya ndoa iwekwe rehani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai ridhaa ya mwenza, na dalali analijua hilo kuliko mimi.

Nikaenda ofisini kwa dalali. Kijana wa mapokezi hata shikamoo hakunipa, macho kwenye simu. Nikaeleza yote, akasema: "Mama, ulitaka nyumba ya bei ya kutupa, halafu unataka na huduma?" Mtoto wa kumzaa! Nilitetemeka mwili mzima. Bei ya kutupa kwake yeye. Kwangu ni miaka ya kuanika na kuuza dagaa pale Mwaloni, mvua na jua.

Yule mama aliyemo ndani nilimfuata, akanikaribisha, akanipa kiti. Sina ugomvi naye. Ningekuwa yeye, nami ningefungua shauri.

Wakili ananituliza, anasema kifungu cha 135 cha sheria hiyo ya ardhi kinamlinda mnunuzi wa nia njema, yaani aliyenunua bila kujua kasoro. Nilikuwa nimeandika hapa "msinunue kabisa", nimefuta. Nyumba ni nzuri, ina ukuta imara na maji ya bomba yanafika. Nunueni, ila nenda Baraza wewe mwenyewe na namba ya kiwanja, uulize kabla ya mnada.

Lakini hapana. Nikimkumbuka yule kijana na simu yake moyo unachemka upya. Kwa hao madalali msiende, mpaka waniite wanieleze ile "safi kabisa" waliitoa wapi.