TAHADHARI: Gari yako ina PPF, ile plastiki angavu ya kulinda rangi? Usikubali mtu aipigie mashine ya polishi. Nimeingizwa mjini mchana kweupe

Wakuu, nina hasira na atakayecheka acheke. Kuna jamaa wa kung'arisha magari hapa Dar wamenifanyia kitu ambacho hata adui simwombei. Jina lao siliweki kwa sababu mwanasheria kanikataza, ila haki ya Mungu vidole vinaniwasha.

Nina Toyota Harrier, na mbele niliibandika PPF. Fundi aliyebandika alifanya kazi safi kabisa, tatizo kahamia Dodoma. Halafu yule dogo wa kuosha pale kwetu akaifuta boneti kwa tambara lenye mchanga, ikabaki na ile mikwaruzo ya duara duara unayoiona usiku ukisimama sheli chini ya taa. Ndiyo nikaanza kutafuta mtu wa kuiondoa.

Sasa sikilizeni nilivyopokelewa. Sakafu ya vigae, taa za pembe sita dari zima, vijana wamevaa ovaroli nyeusi zenye nembo, kochi la ngozi, maji ya baridi. Nje V8 mbili zinasubiri zamu. Hiyo siyo gereji ya chini ya mwembe, na nani angeingia pale akawaza utapeli? Kijana mmoja akanifuata: "Karibu kaka yangu. Gari kama hii usiwape watu wa ndoo na sabuni ya unga." Akatoa kile kidude cha kupima unene wa rangi, akakigusisha kwenye mlango: mikroni 120 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Akakipeleka kwenye boneti: 310. Akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. "Unaona kaka? Mbele una nyama ya kutosha. Mashine inapita hapa bila wasiwasi wowote."

Mimi ni mtu wa hesabu, mnanijua. Ukinionyesha namba nimekwisha.

Akaja na birika la umeme. Akapuliza dawa kutoka kwenye chupa isiyo na lebo, eti ya Ujerumani, kisha akamwaga maji ya moto taratibu kwenye kona ya boneti. Wakuu, mikwaruzo ikayeyuka huku naangalia! Nikapitisha kidole, laini. Nikapiga picha nikawarushia kwenye grupu, na nyie wenyewe mkajibu "noma sana", msijifanye hamkumbuki. Nikamuuliza, sasa kama imeshatoka, mashine ya nini tena? Hakupepesa hata jicho: "Hiyo imelala tu bosi wangu, kesho inaamka. Mashine ndiyo inaifunga, halafu juu tunapaka seramiki, dawa ya kulinda rangi, ya miaka 5."

Sh 450,000. Nikalipa kwa simu, jina likaja la mwanamke ambaye pale sikumwona. Nikaambiwa nikapumzike nyumbani, kuna kelele na vumbi. Jioni naifuata, inawaka chini ya zile taa zao mpaka nikamkumbatia yule kijana. Nilimkumbatia! Shemeji yenu alikuwa na maswali yake tangu mwanzo, na hapo naomba tusiendelee.

Ilipooshwa mara ya kwanza tu, ule mng'ao ukaondoka na maji. Boneti imefanya ukungu, ukiitazama juani unaona mawimbi meupe. Kingo za PPF karibu na taa zimenyanyuka na ndani yake umejaa unga mweupe wa polishi. Kwenye kona moja ya bampa PPF imekunjamana kabisa, imeungua. Maji ya mvua yaliyokuwa yanakimbia sasa yanalala juu kama yako kwenye sinia. Kinyesi cha ndege kikikaa asubuhi, mchana kimeacha doa.

Nimempelekea fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu, akatikisa kichwa akanieleza. PPF ni plastiki ya poliurethani, unene wake kama mikroni 150 mpaka 200, na juu kabisa ina tabaka jembamba mno. Hilo tabaka ndilo linalofukuza maji na kujiponya mikwaruzo midogo likipata joto. Maana yake ni kwamba yale maji ya birika ndiyo yaliyoponya! Bure! Hata jua la saa saba mchana la hapa Dar lingeanza kuifanya hiyo kazi. Dawa ya Ujerumani ilikuwa ya kunizuga. Na kile kidude kinasoma kila kilichopo juu ya bati, rangi pamoja na plastiki. 120 ya mlangoni ndiyo rangi, ile "nyama" ya mbele ni PPF yenyewe niliyoinunua kwa jasho langu. Wakaisugua kwa mashine ya kuzunguka yenye pedi ya manyoya na polishi ya kukwangua, joto likapanda, tabaka la juu likaondoka. Likishaondoka halirudi, dawa ni kuibandua tu. Ule mng'ao wa jioni ile? Mafuta ya polishi.

Nikawarudia. Mnajua wamenijibu nini? "Kaka, PPF yako ilikuwa feki, plastiki rahisi ya PVC. Tukubandulie tukubandikie ya kwetu, milioni 4 tu kwa sababu ni wewe." PVC gani inajiponya kwa maji ya birika? Hapo ndipo nikauelewa mchezo mzima. Wanakuharibia kwa pesa yako, kisha wanakuuzia mpya kwa pesa yako tena.

Hawa ni wa kufungiwa mlango na yale mataa yao ndani. Ingekuwa amri yangu wangelazwa kifudifudi wapigwe hiyo pedi ya manyoya mgongoni mpaka waseme seramiki ilikuwa ya miaka mingapi. Risiti ya EFD hawakunipa mpaka leo, kila nikiuliza "mashine ina tatizo la mtandao". TRA mko wapi? Nyumba nzima ile mtandao hauna, ila kupokea pesa kwa simu upo!

Haya, dalili, kwa haraka maana nikiandika presha inapanda. Hawakuuliza PPF yangu ni ya kampuni gani wala kama waranti yake inaruhusu kusuguliwa. Hawakugusa kingo kuzikagua, wala sikuona utepe wa karatasi wa kuzizibia. Hawataki ukae uangalie. Na zile picha za kazi zao mtandaoni, nimekuja kuziangalia vizuri juzi, karibu zote usukani uko kushoto. Kushoto, wakuu! Hapa Bongo?

Nimeandaa malalamiko ya kupeleka Tume ya Ushindani. Kama na wewe umefanyiwa haya, njoo inboksi na picha ya gari ikiwa juani, siyo chini ya taa, pamoja na ujumbe wa malipo. Jumatatu asubuhi naingia ofisini kwa Tume, na tukiwa wengi itakuwa ngumu kutuzungusha.