Kabla ya kununua mashine ya kadi, uliza bei ya vibao

Saa nane za usiku nilikuwa sebuleni kwangu Sinza, na vipepeo sitini vya karatasi vinanisubiri nivikate kwa mashine yangu ya kukatia maumbo ya kadi. Kazi ilikuwa ya kadi za sendofu. Mama wa bibi harusi alitaka kadi nyeupe, kipepeo cha bluu kiinuke juu ya uso wa kadi, na jina la binti yake kwa dhahabu. Vipepeo ishirini na moja vilitoka vizuri. Cha ishirini na mbili kilitoka mbawa zimeachia lakini tumbo limeng'ang'ania kwenye karatasi. Nikapitisha tena, hakuna kitu. Nikakitoa kibao cha plastiki cha juu, kimoja kati ya viwili vinavyobana karatasi, nikakilaza mezani, kikakaa kama mtumbwi: ncha mbili hewani, tumbo limegusa meza. Nilipopitisha kidole juu yake nikasikia mfereji wenye umbo la kipepeo, umechimbika kiasi cha kuingia ukucha. Kikatio, yaani lile umbo la chuma lenye makali, kilikuwa kinazama mle kwenye mfereji badala ya kuikata karatasi.

Vipepeo vilivyobaki nilivikata kwa mkasi mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi nikampigia aliyeniuzia ile mashine, nikamwambia nataka vibao vingine. Akanijibu, "Dada, vibao haviuzwi peke yake. Chukua mashine nyingine, nitakupunguzia." Mashine yenyewe ilikuwa na miezi minne.

Tangu nisimulie jambo hili nimeletewa malalamiko yanayofanana mno. Dada wa Mwanza, mashine yake iko kabatini mwaka wa pili kwa sababu kibao kimoja kilipasuka. Kaka wa Mombasa anayetengeneza kadi za Idi anatumia kibao kimoja cha asili na kimoja cha kuokoteza, na kila kadi inatoka imekatika upande mmoja tu. Kwa hiyo katika mwongozo huu sitagusa rangi ya mashine, wala unapewa vikatio vingapi vya bure, wala inaingia kwenye begi gani. Hayo muuzaji atakuimbia mwenyewe. Mimi nazipanga mashine kwa kipimo kimoja: vibao vikiisha, utafanyaje?

Kwa ambaye ndiyo anaanza, niseme zinavyofanya kazi. Unapanga tabaka: kibao cha chini, kikatio cha chuma makali yakitazama juu, karatasi juu yake, kisha kibao cha juu. Unazungusha mkono, na rola mbili zinabana vyote kwa pamoja kama mashine ya juisi ya miwa inavyobana muwa. Makali yanapita kwenye karatasi na kuishia kwenye plastiki. Maana yake kila umbo unalokata unakata na kibao kidogo. Kibao kinaliwa kama ubao wa jikoni unavyoliwa na kisu. Hiyo si hitilafu, ndivyo kilivyotengenezwa. Hata ule mlio wa kukwaruza na kupasuka unaousikia mara ya kwanza ni wa kawaida, usiogope. Tatizo linakuja pale mtu anapokuuzia mashine kama vile vibao ni vya milele.

Jambo la pili ni unene. Rola haziongezi wala kupunguza nafasi. Tabaka lote lazima liwe na unene ule ule uliokusudiwa. Vibao vya kawaida vina unene wa takriban milimita 3. Mimi nilikwenda kwa fundi wa mabango Kariakoo kutafuta vibao vya kubadilishia, akanikatia perspeksi, ile plastiki ngumu kama kioo, ya milimita 3 safi kabisa, imenyooka, inang'aa. Mara ya kwanza ikapita. Mara ya pili ikapasuka kwa mlio wa kioo, na kipande kikanirukia mkononi. Perspeksi ni ngumu lakini haipindi, na chini ya rola kitu kisichopinda hupasuka. Vibao vyenyewe hutengenezwa kwa polikaboneti, ambayo inakubali kupinda kidogo na kurudi. Kama una fundi anayeuza polikaboneti ya unene huo, mng'ang'anie. Perspeksi msiijaribu, na kama mmeshaijaribu vaeni miwani.

Sasa mashine zenyewe.

Ninayoiweka ya kwanza, na sifichi kwamba ndiyo ninayoipenda, ni Big Shot ya Sizzix. Inazungushwa kwa mkono, haihitaji umeme, na uwazi wake, ule upana unaopita kwenye rola, ni inchi 6, yaani kama sentimita 15. Kwetu tunaotumia karatasi za A4 hesabu hiyo inakaa vizuri: kata A4 katikati upate A5, upana wake ni milimita 148, inapita bila kukunjwa. Kunja A5 hiyo, unapata kadi ya A6 inayoingia kwenye bahasha ya C6 ambayo kila steshenari inayo. Lakini sababu yangu kubwa ni vibao. Vinauzwa kwa jozi, peke yake, bila kukulazimisha kununua kitu kingine. Na kwa kuwa mashine hii imeenea kwa miaka mingi, watengenezaji wengine nao wanatoa vibao vya kipimo chake. Mtu anayekuja likizo kutoka Uingereza au Marekani anaweza kukuletea jozi mbili kwenye sanduku, kwa sababu ni bapa kama daftari. Mimi ndivyo ninavyofanya. Shemeji yangu akisema anakuja, simwombi manukato, namwomba vibao.

Kitu kingine kilichoniteka kwenye Big Shot ni lile jukwaa lake la kulalia tabaka, lenye kurasa zinazofunguka na kufungwa. Ukitumia vikatio vyembamba unatumia kurasa fulani, ukitumia vikatio vinene unaliondoa kabisa. Jukwaa linabeba sehemu ya unene wote, kwa hiyo huna haja ya kubuni mwenyewe kwa kupachika kadibodi za maboksi ya viatu kama nilivyokuwa nikifanya na ile mashine ya kwanza. Ipo pia Big Shot Plus, inayopitisha A4 nzima. Kama kazi yako ni kadi za mialiko mikubwa au bahasha za kukata mwenyewe, itakufaa. Kumbuka tu kwamba vibao vyake ni vikubwa zaidi na bei yake inafuata ukubwa, na ukichimba mfereji katikati umeharibu plastiki nyingi kwa kipepeo kimoja.

Ya pili ni Platinum 6 ya Spellbinders. Nayo ni ya mkono, nayo ni inchi 6, na mabawa yake yanakunjwa juu ukimaliza, jambo linalomfaa anayeishi chumba kimoja. Vibao vyake vinapatikana peke yake pia. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: hapa kwetu ni nadra kumkuta mtu anayeitumia, kwa hiyo siku umekwama huna jirani wa kumwazima. Na kuazimana kwenye kazi hii kumeniokoa zaidi ya mara moja.

Ya tatu ni Gemini ya Crafter's Companion, ya Uingereza. Hii ni ya umeme: unapanga tabaka, unabonyeza kitufe, inavuta yenyewe. Mwenye maumivu ya bega au mwenye oda ya kadi mia nne aifikirie kwa uzito. Uwazi wake mkubwa unapokea A4, na iko ndogo yake, Gemini Junior, ya inchi 6. Ila umeme ukikatika tabaka likiwa katikati ya rola, kazi yako imebanwa mle mpaka urudi. Pia ina seti yake ya vibao vya aina kadhaa, na kila kimoja kina zamu yake. Ukipoteza au kuvunja kimoja, tabaka zima halikamiliki. Nunua na akiba siku hiyo hiyo unayonunua mashine, au usinunue.

Nimeulizwa sana kuhusu Cricut. Hiyo ni familia nyingine: kuna kisu kidogo kinachoongozwa na kompyuta au simu, hakuna kikatio cha chuma wala vibao. Watu wanadhani wameukwepa ugonjwa, lakini umebadilika jina. Karatasi inashikiliwa na mkeka wenye gundi, na gundi hiyo inachoka, vumbi na nyuzi za karatasi zinaimaliza. Mkeka ndio kibao chake. Tena inategemea programu ya kampuni. Mwaka 2021 kampuni ilitangaza kwamba wasiolipia kila mwezi watawekewa kikomo cha kupakia michoro yao wenyewe, michoro 20 kwa mwezi. Watumiaji walipaza sauti mpaka ikarudi nyuma, lakini mimi niliona kilichokuwa kinakuja. Nikitaka mashine ya aina hiyo nitachukua Cameo ya Silhouette, ambayo programu yake inafanya kazi hata bila intaneti.

Za bei rahisi zisizo na jina, zile ndogo za plastiki: zinakata karatasi nyepesi, na vibao vyake huvipati. Ukitaka ndogo, chukua Sidekick ya Sizzix, inashika meza kwa kufyonza na inatosha maua madogo.

Ukishakuwa na vibao vyako, vitunze hivi. Kila unapopitisha, kigeuze kibao cha juu. Mara hii uso huu uwe juu, mara ijayo uwe chini. Kikianza kupinda, kipitishe kikiwa kimegeuzwa, kitajinyoosha chenyewe. Usiweke kikatio pale pale kila siku. Kisogeze, leo kona hii, kesho ile. Na usikilaze kimenyooka sambamba na rola. Kiinamishe kidogo, rola ikutane na ncha kwanza, isikutane na ukingo mzima kwa mpigo mmoja. Vipepeo vyangu ishirini na moja vyote vilipita mahali pamoja, kimenyooka vile vile, na hapo ndipo nilipokiua kibao.

Wino nao unaingia kwenye habari ya vibao, na hili sijaona muuzaji hata mmoja akilisema. Wino ninaoupenda kwa kupaka rangi zinazoyeyukiana ni Distress Oxide ya Ranger, uliotoka mwaka 2017. Ni mchanganyiko wa wino wa rangi iliyoyeyushwa na wino wa chembe za rangi. Ukinyunyizia maji unapata ule weupe kama wa chaki, kama ukuta wa chokaa uliopigwa na mvua. Lakini hukauka taratibu, na kwenye unyevu wa Dar es Salaam taratibu zaidi. Nilipaka bluu, nikadhani imekauka, nikakata. Kadi iliyofuata ilikuwa nyeupe, na nilipoigeuza nikakuta mgongoni kivuli cha kipepeo cha bluu, mbawa kwa mbawa, kama kimechapwa kwa makusudi. Kibao kilikuwa kimebeba wino wa mwenzake. Tangu hapo napaka jioni, nakata asubuhi, na kila baada ya kadi ya rangi nafuta vibao kwa kitambaa kibichi.

Kwa maandishi madogo ya muhuri, VersaFine ya Tsukineko, kampuni ya Japani, inatoa herufi kali zisizovimba. Kwa anayepaka rangi kwa kalamu za spiriti, Memento ya kampuni hiyo hiyo, kwa sababu haichafuki kalamu ikipita juu yake. Kwenye karatasi za kung'aa wino mwingi haushiki kabisa, unabaki juu kama mafuta. Hapo ni StazOn, ambayo ina kiyeyushi na hukauka haraka. Na lile jina la binti kwa dhahabu si wino wa dhahabu. Ni VersaMark isiyo na rangi, unapiga muhuri, unamwagia unga wa dhahabu, unakung'uta, unayeyusha kwa joto. Drayer ya nywele haifai, inapeperusha unga kabla haujayeyuka. Nunueni ile ya kupulizia joto kali.

Wauzaji sasa. Naomba mnieleze kwa nini picha ya mashine inawekwa na bei haiwekwi. "Njoo inboksi." Ukienda inboksi unaulizwa uko wapi, unafanya kazi gani, ndipo bei inazaliwa. Nimewahi kutajiwa bei mbili tofauti na mtu mmoja kwa siku moja, kwa sababu mara ya pili nilitumia simu ya mdogo wangu. Halafu kuna hawa wanaouza vikatio vya fremu za Kimarekani bila kusema kipimo. Kadi ya kawaida ya Kimarekani ni milimita 108 kwa 140. Kadi yetu ya A6 ni 105 kwa 148. Fremu inamwagika milimita 3 upana na inapungua 8 urefu, na mteja anaambiwa hajui kupanga. Anajua sana. Kilichokosekana ni namba mbili kwenye tangazo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa ya mashine yoyote, mwandikieni muuzaji maneno haya, kwa maandishi, si kwa simu: "Jozi ya vibao vya mashine hii ni bei gani, na unayo leo?" Akijibu kwa namba, mwambieni awaongezee hiyo jozi kwenye mzigo. Akijibu "havijaisha bado, ukivimaliza tutaongea," msilipe.